Kiwanda Kinaanzia Karakana ya Hospitali

(Hotuba kwa mafundi sanifu na wahitimu wa uhandisi wa vifaa tiba, Arusha)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa vyuo, waganga wafawidhi, wenye viwanda mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, mafundi wenzangu, na wahitimu ambao leo ndio wenye siku: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna nchi inavyokuza kongani, yaani kundi la viwanda vinavyokaa karibu na kutegemeana, kwa upande wa vifaa tiba na teknolojia ya afya. Mada hii kwa kawaida hupewa wachumi. Nashukuru kwamba leo amepewa fundi, kwa sababu nina jambo moja la kusema, nalo ni la kifundi. Tunapopanga viwanda hivi tunaanza na eneo: tunapima ardhi, tunavuta umeme na maji, tunajenga ukuta na geti, halafu tunamsubiri mwekezaji. Lakini ukifuatilia historia ya sehemu zilizofanikiwa, mara nyingi utakuta mwanzo wake ni fundi aliyekuwa anatengeneza mashine zilizoharibika hospitalini, daktari aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumweleza shida yake ana kwa ana, na mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa. Ardhi na geti vilikuja baadaye. Na mimi naamini vitu hivyo vitatu tunavyo, hapa hapa kati ya Arusha na Moshi. Kinachokosekana ni kuvikutanisha.

Niwapeleke kwanza Minneapolis, Marekani, kwa sababu wengi wenu mnaifahamu kampuni ya Medtronic kwa nembo yake kwenye mashine, ila nadhani ni wachache wanaojua ilikotoka. Mwaka 1949 kijana mmoja, Earl Bakken, alikuwa anasoma uhandisi wa umeme kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Mke wake alifanya kazi maabara katika hospitali moja ya mjini. Bakken alipokuwa akimfuata mkewe kazini, watu wa maabara wakawa wanamwomba awaangalizie kifaa hiki na kile ambacho kimekataa kufanya kazi. Maombi yakawa mengi. Akaungana na shemeji yake, Palmer Hermundslie, wakafungua karakana ya kutengeneza vifaa vya hospitali ndani ya gereji. Mwezi wa kwanza waliingiza dola 8. Hiyo ndiyo Medtronic.

Kwa miaka kadhaa walikuwa mafundi tu, kama ninyi. Wakatengeneza, wakauza vifaa vya wengine, wakawa wanaitwa vyumba vya upasuaji kurekebisha vipimo. Na chuo kikuu hicho kilikuwa na madaktari waliokuwa wanafungua mioyo ya watoto wakati sehemu nyingi duniani bado watu waliogopa. Daktari C. Walton Lillehei alikuwa anawawekea baadhi ya watoto hao, baada ya upasuaji, mashine ya kusukuma mapigo ya moyo. Mashine hizo zilikuwa kubwa, zimewekwa kwenye toroli, na zilichomekwa ukutani. Mtoto hakuweza kutoka nje ya urefu wa waya. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini kwa saa kadhaa, na mtoto mmoja akafariki.

Nadhani katika ukumbi huu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika wodini.

Lillehei hakuandika barua kwenda kwa mtengenezaji wa mbali. Alimgeukia fundi aliyekuwa anapishana naye kwenye korido, akamuuliza kama anaweza kumpatia kitu kinachotumia betri. Bakken akakumbuka mchoro wa saketi ya metronomu, ile inayogonga mapigo kwa wanamuziki, aliowahi kuuona kwenye jarida la mafundi wa elektroniki. Akaurekebisha, akatumia transista, akaufungia kwenye kiboksi kidogo cha alumini ambacho mtoto anaweza kukivaa kifuani. Kazi nzima ilimchukua takriban wiki 4. Akakipeleka kijaribiwe maabara kwa mnyama. Aliporudi kesho yake alikuta Lillehei amekwisha kukifunga kwa mtoto, na mapigo yanakwenda.

Tazameni mambo yaliyokutana pale. Fundi alijua kila udhaifu wa mashine ya zamani kwa sababu alikuwa ameifungua mara nyingi. Daktari alimwamini. Na umbali kati yao ulikuwa korido moja. Baada ya hapo ndipo kampuni ikakua, wafanyakazi wake wengine wakatoka mwaka 1972 wakaanzisha kampuni yao ya vidhibiti mapigo ya moyo, mmoja wa hao akatoka tena mwaka 1976 akaanzisha kampuni ya vali za moyo, na mwaka 1984 kampuni za eneo lile zikaunda chama chao cha pamoja. Chama kilikuja miaka 35 baada ya gereji. Sisi tungeanza na chama, tena kwa uzinduzi na fulana.

Mtasema hiyo ni Marekani, ilikuwa na pesa. Basi twendeni Sialkot, Pakistani. Mji ule ulikuwa na wahunzi hodari waliofua panga na visu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita hospitali ya wamisionari pale mjini ilianza kuwapelekea wahunzi mikasi na koleo za upasuaji zilizoharibika ili wazinyooshe na kuzinoa. Wahunzi walipozoea kutengeneza, wakaanza kunakili. Hospitali nyingine zikaagiza. Leo Sialkot ni mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya vyombo vya upasuaji, na kazi kubwa inafanywa na karakana ndogo ndogo: huyu anafua, yule anasaga, mwingine anang'arisha.

Lakini Sialkot ina somo la pili ambalo ni chungu, na ningependa tulishike mapema. Mwaka 1994 Marekani, iliyokuwa soko lao kubwa, ilizuia vyombo vyao kwa sababu ya ubora. Hapo ndipo washindani wa mtaa mmoja, ambao kwa kawaida hawakupeana hata salamu ya biashara, walilazimika kukaa meza moja kupitia chama chao, wakatafuta mtaalamu, wakajifunza kuandika taratibu za uzalishaji na kuzifuata, kiwanda kimoja baada ya kingine, hadi soko likafunguka tena. Ujuzi wa mikono ulikuwepo muda wote. Kilichokuwa hakipo ni karatasi inayoonyesha kwamba koleo hili limetokana na chuma gani, limepita kwa nani, na limepimwa lini. Mkononi mwa daktari bingwa, chombo kisicho na karatasi hiyo hakina thamani.

Ipo njia nyingine, siifichi. Ireland, mji wa Galway, walianza kwa kualika makampuni ya nje. Kampuni ya Marekani ya C. R. Bard ilifungua kiwanda pale mwaka 1982. Mwaka 1993 kiwanda kikubwa cha kompyuta kilifunga uzalishaji, mji ukatikisika. Mwaka uliofuata Boston Scientific ikaingia, ikawakuta mafundi wenye mikono iliyozoea kazi safi na ya vipimo vidogo. Wahandisi waliokulia kwenye viwanda hivyo wakaja kuanzisha kampuni zao wenyewe. Njia hii inafanya kazi, ila angalieni: hata pale, kilichowavuta na kuwabakiza wageni ni mafundi waliokuwepo.

Sasa turudi nyumbani.

Simameni kwenye ramani hapa Arusha mtazame kulia na kushoto. Mna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, kinachofundisha uhandisi wa umeme na vifaa tiba. Mna TEMDO, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980, ambayo leo inatengeneza vitanda vya wagonjwa, vitanda vya kujifungulia, majokofu ya kuhifadhia maiti na viteketezi vya taka za hospitali. Mna Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru kwa utafiti. Mkipanda basi kwenda Moshi, kilomita kama 80, mnaikuta KCMC, hospitali ya rufaa yenye madaktari bingwa na wanafunzi, na ndani ya uzio wake mna TATCOT.

Niseme kidogo kuhusu TATCOT, kwa sababu sifa zake nje ya nchi ni kubwa kuliko hapa ndani. Tangu mwaka 1981 inafundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika na hata nje ya bara letu. Nendeni mkaone kazi yao. Mgonjwa amekaa, kigutu cha mguu kinafungwa bandeji ya plasta, kinaachwa kikauke, kinavuliwa. Ndani ya ganda lile inamiminwa plasta, unapata nakala ya kigutu. Fundi anaichonga polepole, anapunguza hapa ambapo mfupa unaweza kubeba uzito, anaongeza pale ambapo ngozi ni nyepesi. Kisha bamba la plastiki linatiwa kwenye oveni hadi linalegea, linalazwa juu ya ile nakala, linanyonywa hewa lishike umbo. Mikono ile ni ya kiwango cha dunia. Lakini bamba lenyewe, nyayo na maungio mengi yanaagizwa nje. Na kiwanda kinachojua kuyeyusha plastiki na kuivuta kwa vipimo kipo mwendo wa saa mbili tu kutoka pale.

Nakizungumzia kiwanda cha nguo na vyandarua cha A to Z, pale Kisongo. Hiki ndicho kisa ninachotamani kila mhitimu hapa akijue vizuri, kwa sababu ni ushahidi kwamba jambo hili limekwisha kufanyika Arusha, kwa kiwango kikubwa, na siyo ndoto.

Wakubwa mnakumbuka vyandarua vya zamani. Unanunua chandarua, unanunua na pakiti ya dawa, ile iliyoitwa Ngao, unachanganya kwenye beseni, unachovya, unakausha kivulini. Baada ya miezi unatakiwa urudie. Watu wengi hawakurudia. Utafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao, kule Kilombero na Ulanga, miaka ya tisini, ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto kwelikweli, na mradi ule uliuza vyandarua kwa jina la Zuia Mbu. Serikali ikaondoa kodi kwenye vyandarua. Viwanda vya nguo vya hapa nchini, baadhi vikiwa hapa Arusha, vikaingia kwenye kazi hiyo. Mwaka 2004 ukaja mpango wa hati punguzo: mama mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, anaongeza kidogo, anapata chandarua.

Wakati huo Sumitomo Chemical ya Japani ilikuwa na teknolojia mpya, Olyset. Dawa haichovywi, inachanganywa ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi, kwa hiyo inatoka polepole kwa miaka, hata chandarua kikifuliwa. Shirika la Afya Duniani lilikipa pendekezo chandarua hicho mwaka 2001, cha kwanza cha aina yake. Sumitomo ikakubali kuipa A to Z teknolojia hiyo bila kudai mrabaha, mkopo wa mashine ukatoka kwa mfuko wa kijamii wa Acumen, na UNICEF wakawa wanunuzi. Mwaka 2003 uzi wa kwanza ulivutwa hapa Arusha. Miaka michache baadaye kiwanda kilikuwa na uwezo wa mamilioni kwa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Nchi ilipogawa vyandarua vya bure kati ya 2009 na 2011, ambavyo kwa jumla vilizidi milioni 25, sehemu kubwa ilishonwa hapa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008, watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Angalieni nani alifanya nini. Watafiti walithibitisha. Serikali ilipunguza kodi na ikatengeneza njia ya kumfikishia mama hela ya kununulia. Mwenye kiwanda aliyejua kushona na kufuma akakubali kujifunza kemia. Mwenye teknolojia akaitoa. Mnunuzi mkubwa akaahidi mapema. Ukiondoa mmoja hapo, kiwanda hakisimami. Na udhaifu wake pia uko wazi: chandarua kinanunuliwa kwa fedha za wafadhili, kwa zabuni za dunia, na zabuni ikienda Asia, mama wa Kisongo anarudi nyumbani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mmoja wetu aliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Kongani inayomtegemea mnunuzi mmoja wa mbali haijakomaa.

Mnunuzi wa karibu yupo. Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ina maghala kanda zote, inafika hadi zahanati. Sasa imeanza hata kuzalisha, ina kiwanda cha glovu kule Idofi, Makambako. Nchi yenye mashamba ya mpira Muheza na Kilombero, na yenye pamba ya Kanda ya Ziwa ambayo sehemu kubwa inaondoka ikiwa ghafi, haina sababu ya kuagiza milele glovu, gozi na bandeji. Hilo nalisema harakaharaka kwa sababu halina ubishi. Tatizo lake ni mtaji na subira tu.

Na msimamizi wa ubora yupo pia. Wengi hatujui kwamba mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kati ya nne. Wenzetu Sialkot walizuiwa ndipo wakajifunza. Sisi tunaye mwalimu wa ubora jirani, mwenye jina linaloheshimika. Mhitimu mwenye wazo la kifaa asimwogope TMDA kama askari wa barabarani. Aende mapema, kabla hajakata chuma, aulize nyaraka gani zinatakiwa.

Kwenye programu za kompyuta nitapita tu, si taaluma yangu. Ila msiwasahau wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao kwa miaka mingi wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwenye mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaotumika nchi nyingi duniani, wala mfumo wa m-mama ambao kwa simu ya bure 115 unamtafutia mama mwenye dharura ya uzazi gari la kumfikisha hospitali, hata kama gari lenyewe ni teksi ya kijijini. Hao nao walianza kwa shida iliyopo: takwimu zisizofika, mama asiyefika.

Sasa nirudi kwenye karakana, maana ndiko ninakotaka tumalizie.

Tafiti za dunia zinasema katika nchi zenye kipato kidogo, karibu vifaa 40 kati ya 100 vya hospitali havifanyi kazi. Ninyi mlioko kwenye hospitali za wilaya mnajua stoo zilivyo. Robert Malkin na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walikusanya taarifa za maombi zaidi ya 2,800 ya matengenezo kutoka hospitali 60 za nchi maskini. Walichokuta kinapaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila karakana: vifaa 72 kati ya kila 100 vilivyokuwa vimekufa vilirudishwa kazini bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje. Na ujuzi mdogo mdogo 107 ulitosha kwa theluthi mbili ya matengenezo hayo. Ujuzi wenyewe ni kama kubadilisha fyuzi, kuziba mpira unaovuja, kusafisha chujio, kurekebisha plagi, kumfundisha muuguzi namna ya kuitumia mashine.

Chukueni mashine ya kuzalisha oksijeni, ile ya pembeni ya kitanda. Imeandikwa MBOVU kwa kalamu ya wino mzito na imesukumwa nyuma ya mlango. Ifungueni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Mashine inaivuta hewa, inaikandamiza, inaipitisha kwenye mitungi miwili yenye punje za zeolaiti, punje zinanasa naitrojeni, inabaki oksijeni ya asilimia zaidi ya 90. Kwa hiyo maadui wake ni watatu: vumbi, unyevu na umeme usiotulia. Mara nyingi unakuta chujio la nje limeziba vumbi jekundu, kompresa imechemka, imejizima. Unaliosha chujio, unakagua mipira kama inavuja, unapima oksijeni inayotoka. Ikirudi juu ya 90, mtoto mwenye nimonia amepata mashine yake. Ikigoma kupanda, huenda zeolaiti imekula unyevu, na hapo ndipo panapohitajika kipuri.

Sasa fundi mzuri ataishia hapo, atafurahi, atanawa mikono. Mimi nawaomba mwende hatua moja mbele. Kwa nini chujio linaziba kila baada ya wiki chache? Kwa sababu mashine ilisanifiwa kwa wodi isiyo na vumbi la Manyara wala la Singida. Chujio la awali, la kuoshwa, linalokaa nje ya mashine, lingeweza kushonwa Arusha kesho. Kidhibiti umeme kinachovumilia mitikisiko ya vijijini kingeweza kuunganishwa hapa. Mpira wa mlango wa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo kwa mvuke, magurudumu ya vitanda, mirija ya mashine ya kufyonza, mkanda wa kipimo cha presha ambao unachanika wakati kipimo chenyewe bado kizima: kila kimoja ni bidhaa. Hakuna mwekezaji wa nje atakayekuja kujenga kiwanda cha mpira wa mlango wa otoklevu. Lakini mtu anayetengeneza mipira hiyo kwa hospitali za mikoa mitano, kwa vipimo vinavyojulikana na karatasi zake zikiwa sawa, baada ya miaka kumi atakuwa anatengeneza otoklevu yenyewe.

Kinachotuzuia nakijua, nanyi mnakijua. Hospitali inanunua mashine ya mamilioni bila kutenga hata shilingi ya matengenezo. Zabuni inaandikwa kwa kunakili sifa za kifaa kutoka kwenye katalogi ya kampuni moja ya nje, kwa hiyo cha hapa kinashindwa kabla hakijafunguliwa. Mtengenezaji mdogo akishinda, malipo yanachelewa hadi mkopo wa benki unamla. Msaada unapokelewa kwa shangwe bila kuuliza kama kuna kitabu cha maelekezo, au kama mashine ni ya volti 110, isiyolingana na umeme wetu. Nimewahi kuona hospitali moja, sitaitaja, ambayo mashine ya usingizi ya msaada ilikaa kwenye sanduku lake hadi mchwa wakala mbao, kwa sababu kiunganishi chake cha gesi hakikulingana na bomba la ukutani. Kiunganishi ni kipande cha shaba cha ukubwa wa kidole gumba. Kuna mafundi wa lathe, mashine ya kukereza chuma, pale mtaa wa Unga Limited wangekichonga kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyewauliza. Jambo lile liliniuma, na bado linaniuma.

Ndugu mganga mfawidhi, wewe una uwezo wa kubadilisha hilo bila kusubiri sera. Mwingize fundi wako kwenye kamati ya ununuzi, siyo kumwita mashine ikishafika. Mweke kwenye kikao cha asubuhi mara moja kwa wiki, akae na madaktari, asikie wanacholalamikia. Lillehei na Bakken hawakukutana kwenye kongamano.

Ninyi wenye viwanda, fungueni milango kwa wanafunzi hawa. Kijana anayejua kwa nini mkanda wa presha unachanika anaweza kukaa na anayejua kushona, na wote wawili wakamwita muuguzi. TEMDO wanajua kuunda vitanda. Waulizeni mafundi wa wodi ya wazazi kitanda kinaanza kuvunjikia wapi, mtapata toleo la pili lililo bora kuliko la kutoka nje.

Na wahitimu, wadogo zangu. Wengi mtapangiwa hospitali za mbali, na wengine mtakatishwa tamaa mkiona karakana ni chumba kimoja chenye meza na bisibisi mbili. Nawaomba jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Fungueni daftari. Kila kifaa kinachoharibika, andikeni jina lake, mtengenezaji, kilichoharibika, chanzo, mlichofanya, kipuri kilichokosekana na vipimo vyake kwa milimita. Chuo kikubali kuyapokea madaftari hayo kila mwisho wa robo mwaka na kuyajumlisha. Mtengenezaji wa Arusha akitaka kujua atengeneze nini, leo hana pa kuuliza; anakisia, au anasubiri maonyesho ya Nane Nane. Akiletewa orodha inayosema mikoa hii mitano inahitaji mipira kadhaa ya otoklevu ya kipenyo hiki kwa mwaka, ataipeleka benki. Mkuu wa chuo ameniambia asubuhi hii kwamba yuko tayari kutoa chumba na mtu wa kuyapokea. Naomba mpeane naye mkono mbele ya mgeni rasmi kabla hatujaenda kula, halafu tupange fomu iweje. Mimi nimekuja na rasimu yake, ina safu nane, iko pale mezani karibu na mlango. Ikosoeni.

Asanteni kwa kunisikiliza.